Bunduki ya Askari Iliyokatwa: Irudishiwe Umbo Lake au Iachwe?

Vita Kuu ya Kwanza ilipita Ruvuma ikaacha silaha zilizobadilishwa mikono na maumbo. Wahifadhi hawakubaliani la kuzifanyia. Sheria nayo ina mawazo yake.

Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, jeshi la kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck lilijipanga Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100 waliweka silaha chini mbele ya Waingereza. Orodha ikaandikwa: mzinga mmoja, bunduki za rashasha 37, bunduki za kawaida 1,071.

Ukiisoma orodha hiyo vizuri, unashtuka. Mzinga ulikuwa wa Kireno. Rashasha 30 kati ya zile 37 zilikuwa za Kiingereza. Zile bunduki 1,071 zote ziliandikwa kuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Mjerumani lilisalimu amri likiwa limebeba silaha za adui zake.

Zile lilizoanza nazo mwaka 1914 zilikuwa zimemalizika njiani. Nyingine ziliharibiwa kwa makusudi, nyingine zilitekwa, nyingine ziliachwa porini pamoja na wagonjwa na wapagazi waliochoka. Njia yenyewe ilipita kusini mwa Tanganyika, ikavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwishoni mwa 1917, ikarudi kwa kuuvuka tena Septemba 1918 na kupita jirani na Songea kuelekea Njombe.

Ndiyo maana mkoa wa Ruvuma, kuanzia Songea, milima ya Mbinga na bonde la Ngaka hadi Mbamba Bay na Liuli, una haki ya kusikilizwa katika mjadala ambao kwa kawaida hufanywa na wakusanyaji wa silaha huko Ulaya na Marekani. Mjadala ni huu: bunduki kuukuu ya kijeshi ambayo mtu aliikata, akaipunguza, akaifanya ya kuwindia, je, irudishiwe umbo lake la jeshini?

MOSHI ULIOMSALITI ASKARI

Kwanza bunduki yenyewe. Vita vilipoanza, sehemu kubwa ya kombania za Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, ilikuwa bado inatumia Mauser ya mwaka 1871. Ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser wa Oberndorf, waliibuni kwa ajili ya Ujerumani iliyokuwa imetoka tu kuungana. Risasi yake ni nene, milimita 11. Inapigwa moja moja: unafungua, unaingiza, unafunga, unafyatua.

Ujerumani ilipopata bunduki mpya mwaka 1888, zile za 1871 zikawa mzigo ghalani. Koloni zikazipokea. Ndizo, pamoja na rashasha, zilizotumika kuwamaliza wapiganaji wa Majimaji kati ya 1905 na 1907, vita ambavyo kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria viliua watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata.

Ilikuwa na ila moja kubwa. Ilitumia baruti ya zamani, na kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe. Dhidi ya mkuki na gobore, moshi ulikuwa kero tu. Dhidi ya Waingereza wenye baruti isiyo na moshi na bunduki za kulenga mbali, ulikuwa hukumu ya kifo, maana ulionyesha askari amelala wapi.

Wajerumani walihangaika kuziondoa. Ushindi wa Tanga Novemba 1914 uliwapa mamia ya bunduki za Kiingereza. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuja kwa kujificha, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza karibu na Tanga. Shehena yake ikaopolewa majini, risasi zikafunguliwa na baruti kuanikwa juani. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ikafika Sudi, kusini mwa Lindi. Kwa kila shehena, askari kadhaa waliweka chini Mauser ya 1871 na kushika nyingine.

NGOMANO: BUNDUKI YENYE MABWANA WATATU

Tukio lililomaliza kazi lilitokea Novemba 25, 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn. Ngomano, mahali Mto Lugenda unapoingia Ruvuma, Lettow-Vorbeck aliishambulia kambi ya Wareno. Kamanda wao, João Teixeira Pinto, akauawa. Jeshi lililokuwa limebakiwa na risasi za kuhesabu likajikuta na mamia ya bunduki mpya na takriban risasi 250,000.

Bunduki zile zilikuwa Mauser-Vergueiro za mwaka 1904, za milimita 6.5. Ureno ilizinunua kutoka kiwanda cha DWM, mjini Berlin.

Hebu tuifuate bunduki moja ya aina hiyo. Imeundwa Berlin na Wajerumani. Imegongwa nembo ya mfalme wa Ureno, ambaye ufalme wake ulianguka mwaka 1910. Imebebwa Msumbiji na askari wa Ureno. Imetekwa Ngomano na askari wa Mjerumani, pengine Mnyamwezi au Msukuma, akazunguka nayo mwaka mzima. Kama haikufika Abercorn, imeokotwa na mwanakijiji, na kama fundi alipita hapo, ubao wa mbele umekatwa na mtutu umepunguzwa ili iwe nyepesi kubeba shambani.

Sasa mtaalamu wa ukarabati anakuja na kusema anairudisha katika hali yake ya asili. Hali ipi?

"Imeundwa Berlin, ikanunuliwa na Ureno, ikatekwa na askari wa Mjerumani, ikakatwa na mwindaji. Ukiirudisha nyuma, unasimamia kituo gani?"

MSUMENO WA FUNDI

Kukata bunduki za jeshi hakukuanzia Afrika. Baada ya vita vyote viwili vya dunia, maelfu ya Mauser na Enfield yaliuzwa kwa bei ya chini kwa wawindaji wa Ulaya, Marekani na Kenya ya walowezi. Ubao unaofunika mtutu ulikatwa, kishikio cha singe kikaondolewa, shabaha ya jeshi ikabadilishwa, kitako kikachongwa upya. Wakati huo hakuna aliyelia. Silaha za aina ile zilikuwa nyingi, na nyama ilihitajika.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu zake za ziada. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwafungia Waafrika bunduki za kisasa na kuwaachia za kizamani zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, vilipata riziki nzuri kwa kubadilisha silaha kuukuu za majeshi ya Ulaya na kuzileta huku kama bidhaa. Kwa hiyo baadhi ya magobore yaliyokuwa mikononi mwa wazee wetu yalishabadilishwa hata kabla hayajapanda meli.

Kisha kuna hesabu ya kawaida ya kijiji. Nguruwe pori na nyani hawasubiri risasi za milimita 11 ziagizwe kutoka nje. Silaha isiyo na risasi zake ni chuma tu, na chuma fundi anajua la kukifanyia. Uhunzi wa kusini una historia ndefu, na gobore la kienyeji lenye mtutu wa bomba la maji bado linaonekana kwenye taarifa za polisi za leo.

Kenya ilishuhudia ustadi wa namna hiyo miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau walipounda bunduki kwa mabomba na makomeo ya milango. Leo makumbusho yanazitunza kama zilivyo. Hakuna mwenye akili timamu anayependekeza zinyooshwe ili zifanane na za kiwandani.

WANAOTAKA IRUDISHWE

Hata hivyo, hoja ya upande wa kurudisha si ya kubeza.

Mtoto wa shule anayeingia makumbusho anajifunza kwa macho. Ukimwonyesha kipande cha mti kilichooza na chuma chenye kutu, anapita. Ukimwonyesha Mauser ya 1871 yenye urefu wake wote, ubao wake, mkanda na singe, anaelewa kwa nini mtu mwenye mkuki hakuwa na nafasi. Kwa Mngoni wa Songea somo hilo ni historia ya ukoo.

Pili, silaha iliyokatwa mara nyingi inaoza haraka. Mahali msumeno ulipopita pamebaki wazi, unyevu unaingia, kutu inakula chuma chini ya ubao. Kuweka ubao mpya kunaweza kuwa kinga.

Tatu, vipuri vinapatikana. Soko la wakusanyaji limezaa mafundi wanaochonga vitako vipya kwa vipimo vya zamani, na sehemu halisi zilizotolewa kwenye bunduki nyingine mbovu zinauzwa. Katika soko hilo silaha iliyokatwa ina thamani ndogo sana kuliko iliyo kamili, kwa hiyo majaribu ya kurudisha ni makubwa.

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Bunduki za kijeshi za Ujerumani hugongwa namba kwenye mtutu, boliti, hata vipande vidogo. Ukichukua boliti ya hii na kitako cha ile, umepata kitu ambacho hakikuwahi kubebwa na askari yeyote. Wakusanyaji waungwana hukisema wazi wanapouza. Wengine hufuta namba na kugonga mpya. Herufi K.S., zilizogongwa kwenye baadhi ya bunduki za majeshi ya koloni la Kijerumani, ni miongoni mwa alama zinazopandisha bei, na alama inayopandisha bei huvutia tapeli.

SANAMU ILIYOONYESHWA IMELALA

Upande wa pili una mfano wenye nguvu, na una uhusiano na Ziwa Nyasa.

Mwaka 1893 Wajerumani walizindua katika ziwa hilo meli ndogo ya mvuke iliyoletwa vipande vipande. Waliiita Hermann von Wissmann, jina la yule aliyevunja upinzani wa Abushiri pwani. Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, yaani Liuli, wakati meli ya Waingereza Gwendolen ilipotokea na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wake, Kapteni Berndt, ambaye hakuwa na habari kuwa vita vimeanza, alipiga makasia kwenda kumwuliza rafiki yake wa kunywa naye, Kamanda Rhoades wa Gwendolen, kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakaiharibu zaidi, na baadaye wakaitengeneza wenyewe na kuipa jina la King George V.

Wissmann alikuwa na sanamu pia, Dar es Salaam. Waingereza waliing'oa, na mahali pake, mwaka 1927, pakasimamishwa Sanamu ya Askari, ambaye bado ameelekeza singe bandarini. Sanamu ya Wissmann ilipelekwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena 1968. Mara hiyo haikurudishwa juu.

Makumbusho ya Historia ya Ujerumani, Berlin, yalipofanya maonyesho kuhusu ukoloni mwaka 2016 na 2017, yaliazima sanamu hiyo. Wangeweza kuisafisha na kuisimamisha. Waliilaza sakafuni, pamoja na rangi iliyomwagiwa. Mtazamaji aliona vitu viwili kwa mpigo: mkoloni alivyotaka kukumbukwa, na kizazi cha baadaye kilivyomjibu.

Bunduki iliyokatwa iko vilevile. Jeraha la msumeno kwenye ubao linasema kwamba chombo kilichotengenezwa kumtisha mkulima kilikuja kulinda mahindi yake. Ukiliziba jeraha hilo kwa mti mpya, unabaki na habari ya mkoloni peke yake.

"Jeraha la msumeno linasema kwamba chombo kilichotengenezwa kumtisha mkulima kilikuja kulinda mahindi yake."

Mizinga ya Königsberg inaongeza uzito. Manowari hiyo ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, na karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magari ya kuikokota nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo leo upo Fort Jesus, Mombasa. Thamani yake yote inatokana na kubadilishwa. Mzinga wa meli ambao haukutoka melini usingekuwa na la kusimulia.

LIEMBA NI JAMBO LINGINE

Mtu atauliza: mbona MV Liemba inakarabatiwa kila mara na hakuna anayelalamika? Nayo ilikuwa chombo cha vita. Ilizinduliwa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, gavana aliyeongoza ukandamizaji wa Majimaji; ikazamishwa na wenyewe Julai 1916; ikaopolewa 1924; ikarudi kazini 1927. Miaka ya 1970 ikatolewa injini za mvuke na kufungwa za dizeli.

Jibu ni kwamba Liemba ina kazi. Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika waliisafiria na kusafirishia dagaa, na hakuna sababu ya kumnyima abiria injini nzuri kwa heshima ya mwaka 1915. Bunduki ya askari haina kazi halali iliyobaki isipokuwa kuonwa na kusomwa. Kwa hiyo kipimo chake ni kimoja: ukarabati utaongeza au utapunguza tunachoweza kukisoma?

Mkataba wa Venice wa 1964, ulioandikwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kihistoria lakini unaoongoza fikra za wahifadhi wengi, unaelekeza kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Kwa silaha hii maana yake ni kusimamisha kutu, kuua wadudu wa mti, kusafisha kwa mkono mwepesi, na kuandika kila kilichofanyika. Kama ubao wa kuonyesha urefu wa zamani unahitajika, uwekwe kando yake, au ushikizwe kwa namna inayoweza kutolewa bila kuacha alama. Msasa, tupa na vanishi vikae mbali.

SHERIA INA TANURI

Hayo yote ni mazungumzo ya watu wenye nafasi ya kuchagua. Mwananchi wa kijijini hana.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Umri wa silaha hauifanyi pambo. Anayekuta Mauser ya babu darini na kukaa kimya anajiweka hatarini, na fundi anayeifufua ili ipige anajiweka hatarini zaidi. Kila mwaka Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, wananchi huhimizwa kuzipeleka polisi au kwa viongozi wa mitaa bila kushtakiwa.

Ni kampeni nzuri. Silaha haramu zinaua. Lakini mwisho wa silaha nyingi zilizosalimishwa ni kuteketezwa, na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania ni mshiriki, imejengwa juu ya wazo hilo. Gobore la jangili wa jana na bunduki iliyovuka Ngomano huingia kwenye rundo moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haisaidii sana. Ulinzi wake wa moja kwa moja kwa vitu vinavyohamishika umewekewa mpaka wa vilivyoundwa Tanganyika kabla ya 1863. Mauser iliundwa Ulaya, na mfano wenyewe ni wa 1871. Imekosa sifa mara mbili. Waziri ana mamlaka ya kutangaza kitu kuwa cha kulindwa, ila lazima kwanza mtu akione kabla ya moto.

Na mtu wa kukiona yupo. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, yaliyoanzishwa mwaka 1980 na kuwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa mwaka 2010, palepale waliponyongewa mashujaa 67 Februari 27, 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 1, 2023, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, shujaa wa Majimaji. Taifa linalodai kurudishiwa mabaki ya mashujaa wake kutoka Berlin halipaswi kuyeyusha kwa mkono wake ushahidi uliobaki nyumbani.

Uamuzi wa mwandishi huyu, basi, ni kwamba bunduki iliyokatwa iachwe ilivyokatwa. Iondolewe pini ya kufyatulia ili isimdhuru mtu, itunzwe isiliwe na kutu, iwekwe kwenye kabati la kioo pamoja na maelezo ya mikono yote iliyoishika, wa mwisho akiwa yule fundi.

Jeshi la Polisi na Makumbusho ya Taifa wanaweza kuanza Septemba ijayo kwa jambo lisilo na gharama kubwa: kumweka mhifadhi mmoja kwenye vituo vya kusalimisha silaha vya Songea, Mbinga na Nyasa, apekue rundo kabla halijateketezwa. Nawe msomaji, kama kuna chuma cha zamani kilichofungwa gunia kwenye dari ya mzee, usikipige msasa, usimwite fundi, usikiuze. Kisalimishe polisi kupitia mwenyekiti wa kijiji, na uombe iandikwe kwamba makumbusho yaitwe kukitazama kwanza.